Sarafu za fedha za Mtongwe: kabla hujatoa elfu tano, tazama hesabu hii

Wiki mbili zilizopita vijana watatu wa hapa Mtongwe walinikuta barazani baada ya swala ya alasiri, mkononi wana karatasi nne zilizopigwa chapa vizuri. Wanataka kufanya maonyesho ya wazi ya siku kumi kuhusu historia ya Mtongwe, kuanzia mawe yaliyochongwa na watu wa kale mpaka ile asubuhi ya feri. Pesa za maonyesho wanataka kuzipata kwa kuuza sarafu za kumbukumbu za fedha, vipande 500, kila kimoja shilingi 5,000. Waliniomba nitazame hesabu kwa sababu nimeshika daftari la msikiti miaka mingi, na wanajua sina haya ya kudai risiti.

Niliwaambia nitawajibu hapa, hadharani, nao wakakubali. Sababu ni moja. Tangazo limeshaanza kuzunguka kwenye WhatsApp, na tayari nimepigiwa simu na watu wa Likoni, wa Kisauni, hata jamaa yetu mmoja aliye Maskati, wote swali lao moja: ni kitu cha kweli hiki? Jibu langu ni kwamba nia ni ya kweli, vijana nawajua na wazee wao nawajua. Lakini nia na hesabu ni vitu viwili, na karatasi ile ina mambo ambayo yasiporekebishwa yatatuletea aibu mtaani.

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili chetu kina tabu hapa, kwa maana neno fedha ni madini na ni pesa pia. Ukisikia "mchango wa fedha" hujui umeombwa noti au bangili ya bibi yako. Katika makala haya nikisema fedha nakusudia madini yenyewe, na pesa ni pesa. Vijana wameandika "tokeni", nami nimewaambia waliondoe hilo neno. Mombasa hii ukimwambia mtu tokeni anafungua simu kutafuta nambari za stima.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walitoa ardhini hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vijisarafu vidogo vya fedha vilivyopigwa hapa hapa pwani, na ndani yake dinari chache za dhahabu kutoka nje. Baadaye pwani yote ilitumia riale ya Maria Theresa, ile ya mwaka 1780 ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile miaka na miaka baada ya malkia mwenyewe kufa. Kisha ikaja rupia. Na wengi hawajui kwamba jina la Mombasa lenyewe limewahi kugongwa kwenye fedha: ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala kwa jina la Imperial British East Africa ilitoa rupia yake ya fedha mwaka 1888, imeandikwa Mombasa. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, yaani tola moja kamili, kipimo ambacho mafundi wa fedha wa Mji wa Kale wamekijua tangu zamani.

Vijana wetu wamechagua uzito huo huo wa tola moja. Sijui kama walikusudia, lakini nimeupenda.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kipande cha kumbukumbu kinachouzwa kuchangia jambo kina bei mbili ndani yake. Kuna bei ya kitu, na kuna mchango. Mnunuzi anatoa zaidi ya thamani ya kitu, na ile ziada ndiyo inayofanya kazi. Mfano ulio karibu nasi ni Tanzania, mwaka 1974. Mashirika ya kuhifadhi wanyama duniani yalikubaliana na nchi mbalimbali zitoe sarafu maalumu za wanyama, na sehemu ya mapato iende kwenye hifadhi. Tanzania ilitoa ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Hakuna aliyekwenda dukani kununulia unga ile ya kifaru. Zilinunuliwa na wakusanyaji, wengi wao huko ng'ambo ya mbali, kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa.

Na mfano mkubwa kabisa wa kuuza fedha ili kugharimia maonyesho ni wa Marekani. Mwaka 1893 mji wa Chicago ulifanya maonyesho makubwa ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Bunge lao likaidhinisha nusu dola za fedha, vipande milioni 5, wapewe wenye maonyesho. Wao wakaziuza kila kimoja dola nzima. Yaani unatoa dola moja, unapewa kitu kilichoandikwa nusu dola, na ile nusu nyingine umechangia. Mwanzoni mambo yalinoga. Kampuni ya mashine za taipu za Remington ililipa dola 10,000 kwa kipande cha kwanza kabisa, ikapata kutajwa magazetini kila mahali. Kisha kelele zikatulia, uchumi wa nchi ukaanguka mwaka ule ule, na watu wakahesabu senti zao. Mwisho wa maonyesho mamilioni yalibaki bila mnunuzi. Nyingi zikayeyushwa, na nyingine zikaachiwa sokoni zitumike kama nusu dola za kawaida. Fikiria basi yule aliyelipa dola, kisha akarudishiwa ile ile kama chenji ya mkate kwa nusu.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililo ndani ya karatasi ya vijana wetu bila wao kuliona. Wao wameandika mapato ni vipande 500 mara 5,000, ni milioni 2 na nusu. Hesabu hiyo ni sawa ikiwa vyote 500 vitauzwa. Wakiuza 200 je?

Tufanye pamoja. Bei ya fedha hubadilika kila siku, kwa hiyo nachukua mfano tu wa shilingi 200 kwa gramu ili hesabu iwe nyepesi. Wewe siku ya siku uliza bei ya siku hiyo. Kipande cha tola moja cha fedha ya 925, maana yake sehemu 925 kwa 1,000 ni fedha na zilizobaki ni shaba ya kuipa ugumu, kina gramu 10.79 za fedha safi. Hiyo ni shilingi 2,158. Fundi wa kugonga na kung'arisha, tuseme 500. Kuna muhuri wa chuma, ile kalibu iliyochongwa picha ambayo fedha hugongewa; hiyo hulipwa mara moja hata ukigonga kipande kimoja. Tuseme 120,000, ukigawa kwa 500 ni 240 kila kimoja. Kikasha na cheti, 100. Jumla karibu shilingi 3,000 kwa kipande.

Vikiuzwa vyote, kila kimoja kinaacha 2,000 na maonyesho yanapata milioni moja. Vizuri. Vikiuzwa 200 tu, mapato ni milioni moja, na gharama ya kutengeneza vyote 500 ilikuwa milioni moja na nusu. Umeingia shimo la nusu milioni, na una vipande 300 ndani ya sanduku. Utasema si hoja, fedha ni fedha, utaviyeyusha. Haya, viyeyushe. Fedha iliyomo ni ya shilingi 647,400, lakini mnunuzi wa fedha chakavu hakulipi bei kamili. Akikata moja ya tano utapata 517,920. Umeziba shimo, na baada ya kuhangaika mwaka mzima maonyesho yamebakiwa na shilingi 17,920. Haikodi hata maturubai ya siku kumi. Na hapo nimefanya kama bei ya fedha haikushuka, wala hakuna kipande kilichopotea njiani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwao ni kugonga vichache. Vipande 150 vya fedha, kwa hesabu hiyo hiyo, vinagharimu 533,700 pamoja na kalibu yote. Vikiuzwa vyote ni 750,000, faida 216,300. Ni ndogo kuliko milioni, lakini ni pesa ambayo mtu anaweza kuiona. Kisha kalibu ile ile igonge vipande vya shaba, 1,000 hivi, viuzwe shilingi 300. Kama kimoja kitagharimu 120, hapo kuna 180,000 nyingine. Na kuna faida ambayo haimo kwenye hesabu. Muuza viazi karai pale stejini hana elfu tano za kutoa, lakini mia tatu atatoa, na atakitundika kibandani kwake. Maonyesho ya Mtongwe yakichangiwa na wenye elfu tano peke yao, siku ya kufunguliwa nao ndio watakaojiona wenyewe.

Yale maneno ya "wekeza"

Kwenye tangazo la WhatsApp kuna sentensi isemayo nunua leo, kesho bei imepanda, hii ni kuwekeza. Nimewaomba waifute leo leo.

Anayelipa 5,000 anapokea fedha ya shilingi 2,158. Akikipeleka kwa mnunuzi wa chakavu kesho yake atapewa kama 1,726. Ile 2,842 iliyobaki ni kazi ya kutengeneza na mchango kwa maonyesho. Hakuna dhambi katika hilo. Mtu akiambiwa wazi, "katika elfu tano yako, elfu mbili inakwenda kwenye maonyesho," atatoa kwa moyo mweupe au hatatoa. Lakini mama aliyeweka elfu tano ya karo akidhani ameweka akiba, siku akienda kuuza apewe elfu na mia saba, atasema ameibiwa, na wallahi hatakuwa amekosea sana. Kuna vipande vya kumbukumbu ambavyo vimepanda bei duniani, hasa vilivyo vichache na vyenye kisa. Vingi zaidi vimelala kwenye droo.

Wapo wanaoniuliza watajuaje kwamba ni fedha kweli. Chapa ya 925 ni mwanzo, si ushahidi. Chapa ni nyundo tu na mkono. Kuna madini meupe mazuri yanayoitwa fedha ya Kijerumani ambayo ndani yake hamna fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. Kuna pia shaba iliyochovywa maji ya fedha. Sumaku itakusaidia kukamata chuma, lakini shaba haishikwi na sumaku vile vile, kwa hiyo usitosheke nayo. Njia ya nyumbani iliyo bora ni maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya kidijitali, zile za sonara, na irudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba kizame kote bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Kipande cha gramu 11.66 cha fedha ya 925 kitaonyesha kama gramu 1.13. Kikionyesha 1.3 au zaidi, muulize aliyekuuzia maswali. Nimewashauri vijana wafanye jaribio hili mbele ya watu siku ya kuuza, kwa kipande atakachochagua mnunuzi mwenyewe. Litawauzia kuliko tangazo lolote.

Sheria mbili, na suala la dini

Mchoro waliouleta ulikuwa na ngao ya taifa upande mmoja na maneno "Shilingi 100" upande wa pili. Niliwarudishia hapo hapo. Katiba yetu, kifungu cha 231, imeweka kazi ya kutoa noti na sarafu mikononi mwa Benki Kuu. Sisi tunatengeneza pambo la kumbukumbu, kwa hiyo lisiwe na thamani iliyoandikwa, lisiwe na ngao, lisifanane na shilingi kwa ukubwa wala kwa sura. Kifungu hicho hicho ndicho kilichokataza picha ya mtu kwenye noti na sarafu za nchi, ndiyo maana zile za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu, ilhali ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, ya miaka 40 ya uhuru, ina uso wa Rais Kibaki. Katazo hilo ni la sarafu za taifa, lakini hata sisi nadhani tusiweke uso wa mwanasiasa yeyote. Watatokea wa kutaka, hasa yule atakayenunua vipande hamsini kwa mpigo.

Sheria ya pili ni ya turathi. Watu wengi wa hapa hawajui kwamba jina Mtongwe linajulikana kwa wataalamu wa mambo ya kale mbali na feri na mbali na kambi ya jeshi la majini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Nagoya walichimba hapa wakapata zana za mawe za watu wa kale sana, wakaandika ripoti kadhaa zenye jina la Mtongwe. Ni jambo la kujivunia na lastahili nusu ya maonyesho. Lakini vijana wamepanga "kukusanya mawe" na kuyaweka mezani. Hapana. Mambo ya kale yako chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na hayaokotwi na kila mwenye gunia. Waende Fort Jesus, kwa Makumbusho ya Taifa, waombe ushauri, na ikiwezekana waazimwe au wapewe picha na nakala. Jiwe likishatolewa mahali pake bila kuandikwa lilikuwa wapi na kina gani, hata liwe la kale vipi limekuwa jiwe la kuzuilia mlango.

La dini nalitaja kwa tahadhari, maana mimi si shekhe. Karatasi inasema mnunuzi alipe sasa, kipande apokee baada ya miezi mitatu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaichukulia noti ya leo kuwa na hukumu ya dhahabu na fedha katika mauziano, na kubadilishana vitu hivyo sharti iwe mkono kwa mkono, pale pale. Kwa rai hiyo, kulipa leo na kupokea fedha baada ya miezi mitatu ni mlango wa riba, hata kama hakuna aliyekusudia. Vijana walishangaa sana, mmoja alisema, "Mzee, sisi twafikiri riba ni ya benki tu." Nimewaambia wamwone kadhi au imamu wao wapate jibu lenye kichwa na miguu. Njia nyepesi ninayoiona mimi ni kuandikisha majina sasa bila kupokea pesa, na siku vipande viko mezani, toa pesa, chukua chako. Vipande vya shaba havina tabu hiyo.

Ikiwa pesa hazipokelewi mapema, basi pesa za kununulia fedha zitatoka wapi? Ndilo swali gumu kuliko yote, na karatasi haikulijibu. Kwa vipande 150 wanahitaji zaidi ya nusu milioni mkononi kabla hawajauza hata kimoja. Kuna wanaotaka kukopa. Mimi nasema waanze na shaba. Kalibu na shaba 1,000 ni shilingi 240,000, hiyo yaweza kupatikana kwa mchango wa kawaida wa mtaa. Mapato yakishaingia, ndipo fedha zigongwe kidogo kidogo, 30 kwa 30, kwa idadi ya walioandikisha majina. Itakwenda polepole. Lakini hakuna atakayeamka usiku kwa deni.

Na pesa zote zipite nambari moja ya M-Pesa ya kikundi, si ya simu ya mtu. Kikundi kisajiliwe chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, kiwe na watia saini watatu, mmoja wao mwanamke, na kila Ijumaa karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mahali watu wanapita. Sisi hapa tumechangia mambo mangapi tukaambiwa "hesabu zinakuja"? Sitaji, kila mtu ana lake.

Kisha kuna picha ya feri

Nimeliacha hili la mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Upande wa mbele wa mchoro vijana wameweka feri imelala ubavu, na chini yake nambari 272. Wanakusudia heshima. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, kama mita 40 hivi. Ilikuwa imebeba watu wapatao 400, na uwezo wake ni 300. Walikufa watu 272. Wengi walikuwa wanakwenda kazini. Vijana hawa watatu hawakuwa wamezaliwa. Kwao ni historia, na kusema kweli ndiyo maana maonyesho yanahitajika: kuna kizazi kizima hapa ambacho kinapita Likoni kila siku, kinasukumana kwenye ngazi za feri, na hakijui kwamba watu walioelemea chombo kimoja walizama wakiona nyumba zao.

Lakini mchoro ule niliuchukua nikampelekea jirani yangu mmoja, bi mkubwa, aliyempoteza mumewe siku ile. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikamwonyesha bila kumweleza. Aliutazama muda mrefu, akaniuliza, "Hiki kitauzwa?"

Nikamwambia, "Naam, bi. Elfu tano."

Akasema, "Basi mwanangu, kila ninapokwenda dukani nitamkuta mume wangu kwenye kioo cha sonara, na bei amewekewa."

Sikuwa na la kujibu. Baadaye alinipa chai, tukazungumza. Hakukataa maonyesho. Alisema yeye mwenyewe atakuja na atatoa picha ya marehemu, na yuko tayari kusimama aeleze asubuhi ile ilivyokuwa, vile walivyokaa ufukweni hadi usiku na watu wakiitwa majina. Alichokataa ni kile kifo kugongwa kwenye fedha kikauzwa.

Nawarudishia vijana maneno hayo kama nilivyoyapokea. Wanaweza kusema, kama mmoja wao alivyoniambia, kwamba bila ile picha kipande hakitauzika kwa watu wa mbali, maana kisa ndicho kinachouza. Huenda ni kweli. Mimi bado nasema feri iliyopinduka itoke. Mbele iwekwe ile zana ya jiwe, au gati la Mtongwe na maji yake, au mashua tupu. Nambari 272 ikiwa lazima iwepo, basi iwe ndani ya maonyesho, na majina kamili, kwa idhini ya kila nyumba, na pale pasiwe na kitu chochote cha kununua. Vipande vya kwanza kabisa, vya shaba au vya fedha kwa kadiri ya uwezo, vipelekwe kwa nyumba zile bure, kwa mkono, kabla ya kimoja kuuzwa. Kwa hesabu hiyo faida ya kipindi cha kwanza itapungua sana. Nimepiga: nyumba 272 zikipewa shaba, ni shilingi 32,640 za gharama, na wakiziacha hizo bila kuziuza wanakosa mapato ya 81,600. Inabebeka.

Kikao cha kuamua mchoro ni Jumamosi hii baada ya swala ya isha, hapo hapo barazani. Vijana wamekubali kugonga vichache na kuanza na shaba. Kuhusu nambari ya M-Pesa ya kikundi wamekubali. Maneno ya "wekeza" wameshayafuta, nimeyatazama mwenyewe. Juu ya picha ya feri bado wamegawanyika, wawili kwa mmoja, na bi mkubwa amesema atakuja kikaoni, ametaka awekewe kiti karibu na mlango.